Nilivyomsimulia yule mkulima seneta bila watu kusinzia

Kikundi chetu kila mwezi mmoja anasimulia maisha ya mtu fulani, zamu yangu ilipofika nikamchagua Jon Tester, yule mkulima wa Montana kule Marekani aliyeingia Seneti, lile bunge la juu la taifa kule Washington. Jamaa mmoja anayejiona mtaalamu akanishauri eti anza na kuzaliwa, elimu, vyeo, watu wanapenda mpangilio. Nikamsikiliza, ujinga wangu.

Nikasimama: alizaliwa 1956 mjini Havre, akasomea muziki, akafundisha muziki shule ya msingi huku akilima... dakika ya tatu watu wote wako kwenye simu. Kibaya zaidi nikafika 2005 nikasema "akawa rais wa seneti". Weee! Waliokuwa wanasinzia wakaamka, mmoja anauliza kwa hiyo alimtangulia Obama? Kumbe nilitakiwa kueleza kwanza kwamba kule kila jimbo lina bunge lake, Montana nayo ina seneti yake, hiyo ndo aliyoingia kwa uchaguzi wa 1998 na ndo aliyokuja kuiongoza, ile ya Washington ni nyingine kabisa. Ila neno "rais" likishaingia kichwani mwa mtu halitoki. Nikaomba zamu nyingine, wakanihurumia.

Mara ya pili sikuanza na neno lolote. Nilinyoosha mkono wa kushoto, nikakunja vidole vitatu vya katikati, gumba na kidole kidogo vikabaki nje kama mtu anayeigiza kupiga simu. Nikakaa hivyo mpaka kimya kikaanza kunitisha mwenyewe. Halafu nikasema, huyu mtu mkono wake uko hivi toka ana miaka tisa, vidole vilichukuliwa na mashine ya kusagia nyama nyumbani kwao. Alitaka kupiga saksafoni, ikabidi ashike tarumbeta.

Hakuna aliyegusa simu jamani! Na mkono sikuushusha, nikaendelea nao hivohivo: shamba la ekari 1,800 karibu na mji mdogo wa Big Sandy, lililoanzwa na babu na bibi yake 1912 (hekta achaneni nazo, mara ya kwanza nilipoteza dakika nzima kukokotoa mbele za watu), hasira za bei ya umeme zilizomsukuma kwenye siasa, 2006 anamwangusha Conrad Burns, seneta aliyekuwa anakalia kiti hicho cha Washington, kwa tofauti ya kura elfu tatu na mia tano hivi, jimbo zima hilo! Nikawaambia alivyokuwa anarudi kulima wikiendi, na nyama ya shambani kwake anaibeba kwenye begi mpaka Washington. Hapo walicheka sana. Yule mtaalamu alinishauri pia nisiseme alishindwa, nikasema, 2024 alipigwa kwenye uchaguzi na mpinzani wake Tim Sheehy baada ya mihula mitatu, na watu wakasikitika kama ndugu yao.

Bando lilikwenda sikuhesabu, siku kama kumi hivi kila jioni nasoma tu, na kesho yake bega lilikataa kunyanyuka. Lakini nilitembea kama mimi ndo nimechaguliwa.

Mwisho mama mmoja akauliza, sasa ile mashine waliitupa? Nikamwambia hapana mama, waliendelea kusagia nyama humohumo. Akautazama mkono wangu, akasema, "Ushushe basi."