Roboti kwenye seva ya Minecraft: funga na mlango wa nyuma

Kinga ya kwanza ya seva ya Minecraft ya Java dhidi ya roboti (programu zinazojifanya wachezaji) ni mstari mmoja katika faili la mipangilio, server.properties: online-mode=true. Kila anayeingia huhakikiwa kwa Mojang, watengenezaji wa mchezo, kwamba ana akaunti halali. Ukiweka false ili wenye nakala zisizolipiwa nao wacheze, programu moja tu itakuletea majina ya kubuni mfululizo hadi nafasi zote zijae. Whitelist (orodha ya majina yanayoruhusiwa) haitoshi hapo, kwa sababu jina lolote linaigika. Utahitaji plagini ya nywila, kama AuthMe.

Wengi huumia wakishaweka proksi, yaani programu ya mbele inayopokea wachezaji na kuwapeleka kwenye seva za nyuma. Ukitumia proksi ya Velocity, uhakiki unahamia kwake, na seva zilizo nyuma yake lazima ziwe online-mode=false. Poti za seva hizo (namba za kuunganishia mtandaoni) zikibaki wazi kwenye intaneti, roboti huipita Velocity pembeni, na mhuni anaweza kuingia kwa jina lako mwenye seva, na mamlaka yako yote.

Kama kila kitu kiko kwenye mashine moja, andika server-ip=127.0.0.1 katika server.properties ya kila seva ya nyuma. Zikiwa mashine tofauti, fayawoli iruhusu IP ya proksi peke yake. Kisha katika velocity.toml weka player-info-forwarding-mode = "modern", unakili siri iliyomo kwenye faili la forwarding.secret hadi paper-global.yml (mipangilio ya Paper, programu ya seva za nyuma), sehemu ya proxies.velocity, na uweke enabled: true. Jaribu kuingia moja kwa moja kwenye poti ya nyuma ukitumia intaneti ya nyumbani. Ukikubaliwa, hujamaliza.

Usisahau bukkit.yml: connection-throttle, muda wa kusubiri kabla IP ileile haijaunganishwa tena, huja ikiwa 4000, yaani milisekunde. Nyuma ya proksi iwe -1, la sivyo wachezaji halali watakataliwa, maana wote wanaonekana kutoka IP moja. Kazi hiyo ya kupunguza kasi ya kuingia iachie login-ratelimit ya Velocity.

Tafadhali usikimbilie kufungia IP. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja, kwa hiyo ukimfungia mmoja umewafungia na wasio na hatia.

Kwa roboti za kuvua samaki, Mojang walitumia dawa nzuri kuliko kufukuzana: tangu toleo la 1.16, hazina (vitu vya thamani) hupatikana tu kwenye maji ya wazi, bloku 5 × 4 × 5. Vibwawa vya roboti vikabaki na samaki na takataka. Kama duka la seva yako linanunua samaki, weka kikomo cha mauzo kwa kila mchezaji kwa siku.