Kikohozi cha Mama: Nilivyojifunza Kutambua Dalili za Mkamba

Mkamba ni uvimbe wa mirija inayopeleka hewa kwenye mapafu, na huku kwetu Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai humkohoza karibu kila mtu, ni rahisi sana kuudhania kuwa mafua tu. Mama yangu amepikia kuni tangu utoto wake, katika jiko lenye kidirisha kimoja, na kikohozi chake cha alfajiri kilikuwa kimezoeleka nyumbani kiasi kwamba wengi walikihesabu kuwa ni uzee. Mimi nilianza kukifuatilia pale mafua yalipokwisha, pua ikakauka, lakini kifua kikabaki vilevile.

Nilichukua daftari nikawa naandika nilichokiona badala ya nilichokihisi. Alikohoa zaidi alfajiri na alipowasha moto, akitoa makohozi meupe na mazito ambayo baadaye yaligeuka manjano. Alichoka upesi, alilalamika kubanwa kifua, na alipotoa pumzi nilisikia sauti nyembamba kama ya mluzi. Homa ilikuwa ndogo, kisha ikatoweka. Jirani mmoja alisisitiza kwamba makohozi ya manjano yanadai antibiotiki, ila tabibu alinieleza baadaye kwamba rangi peke yake haithibitishi bakteria, kwani mkamba wa ghafla mara nyingi huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haziviwezi.

Jambo lililonisaidia kuliko yote lilikuwa kuhesabu pumzi. Nilimhesabia akiwa ametulia, kwa dakika nzima, bila kumwambia, kwa sababu anayejua kwamba anahesabiwa hubadilisha mwendo wa pumzi zake. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Zikizidi 24, hasa pakiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, nimonia lazima ifikiriwe na mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja. Za mama hazikufika huko, nami nikapata utulivu wa kupanga safari badala ya kukimbizana usiku.

Kwenda kupimwa alikataa mwanzoni. "Mwanangu, watu watasema nina kifua kikuu," aliniambia. Nilimjibu kwa heshima kwamba kikohozi kilichofikisha wiki 2 hakina budi kupimwa makohozi, awe nani, na kwamba kipimo hicho na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Alikubali. Kifua kikuu hakikuonekana, na picha ya eksirei haikuonyesha nimonia.

Ndipo tabibu akauliza swali ambalo daftari langu halikuwa na jibu lake: je, kwa mwaka mama hukohoa na kutoa makohozi miezi mingapi, na hali hiyo ina miaka mingapi? Mama mwenyewe ndiye aliyejibu, tena bila kusita. Kikohozi chenye makohozi kinachodumu angalau miezi 3 kwa mwaka, kwa miaka 2 mfululizo, bila sababu nyingine, ndicho kinachoitwa mkamba sugu, na moshi, uwe wa sigara au wa kuni, ni miongoni mwa visababishi vyake vikubwa. Mama hajawahi kuvuta sigara hata mara moja.

Alipewa pampu ya kuvuta dawa kwa ajili ya ule mluzi. Nyumbani tulinunua jiko la gesi kwa chai na mboga, na maharage, ambayo yangemaliza mtungi haraka, sasa huchemshwa nje kwenye kibanda kisicho na kuta. Kikohozi hakijaisha, lakini kimepungua, na analala usiku. Wadogo zangu wanaobaki naye wamejua ishara za kumkimbiza hospitali: damu kwenye makohozi, midomo kugeuka rangi ya buluu, kuchanganyikiwa, au kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Akikonda au akitokwa na jasho jingi usiku, atarudishwa kupima makohozi upya.