Kutoka kiwanja cha gofu Mufindi hadi bustani za Mbeya: niliyoyahamisha na niliyoyaacha

Nilijifunza kutunza nyasi katika kiwanja cha gofu kilichozungukwa na mashamba ya chai wilayani Mufindi, na sasa natengeneza bustani za nyumba, ofisi na hoteli jijini Mbeya. Mteja anaponiita, mara nyingi mawazo yake yote yako kwenye siku ya kupanda: nyasi zitatoka wapi, zitagharimu kiasi gani, zitafunika ardhi lini. Mimi huanza kuzungumzia mwaka unaofuata, kwa sababu kule Mufindi niliona kwamba kupanda ndiyo sehemu nyepesi na kwamba uwanja husimama kwa ratiba ya matunzo.

Suala la urefu wa kukata ndilo linalohitaji maelezo mengi zaidi. Kwenye grini, yaani eneo lenye shimo na bendera, nyasi hukatwa kwa milimita 3 hadi 5, na mtu aliyewahi kuziona hutamani za nyumbani kwake ziwe hivyo hivyo. Zile huvumilia kwa sababu ni za aina maalumu, hukatwa karibu kila siku kwa mashine ya silinda ambayo visu vyake hukata kama mkasi, na hupewa mbolea kidogo kidogo kwa kipimo. Ukizikata za nyumbani kwa urefu huo, mizizi hufupika, na kiangazi kikikolea ardhi hubaki wazi na magugu huingia. Kipimo hicho nimekiacha gofu. Nilichokihamisha ni kanuni ya kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja. Nyasi ninazotaka zibaki na sentimita 4 nazikata zinapofika 6. Kwa hiyo wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, ninarudi karibu kila wiki, ilhali katika baridi ya Julai, zinapokaribia kusimama kukua, naziacha zipumzike.

Msimamizi wetu, mzee wa Kihehe aliyekuwa mpole lakini hakubali kazi ya haraka haraka, alikuwa akiinama baada ya kila mkato, anachuma jani moja na kulielekeza kwenye mwanga. "Mwanangu, usiutazame uwanja, tazama ncha ya jani," aliniambia. Kisu kikali huacha ncha iliyonyooka na yenye kijani. Kisu butu huipasua, zikabaki nyuzi ambazo siku inayofuata hugeuka rangi ya majani makavu, na bustani nzima huonekana imepauka hata kama imenyweshwa vizuri. Nimewakuta watu wakimwaga urea kwenye nyasi ambazo shida yake ilikuwa kisu. Tupa ya kunolea haikosekani kwenye mfuko wangu wa kazi, na kabla ya kugusa kisu huchomoa kwanza waya wa plagi ya injini ya mashine, isije ikawaka.

Hoteli moja ya hapa Mbeya ilitaka kung'oa nyasi zote na kupanda upya, kwa kuwa mahali palipofungwa maturubai ya harusi maji yalikuwa yakituama na nyasi zimekonda. Nilimwambia meneja, "Dada, naomba unipe msimu mmoja kabla hujang'oa." Udongo ulikuwa umeshindiliwa na miguu na viti, na mizizi ilikosa hewa. Gofu wana mashine inayochomoa vipande vya udongo. Sisi tulitumia jembe uma, tukadunga matundu ya kina cha sentimita 10 yaliyoachana kama shubiri moja, kisha tukafagilia ndani yake mchanga wa mtoni uliochekechwa na kuchanganywa na samadi iliyooza. Kazi hiyo tuliifanya mvua zilipoanza, nyasi zikiwa na nguvu ya kuziba majeraha. Kabla mvua hazijaisha, maji yalikuwa yanazama na nyasi zilikuwa zimeshikana.

Kumwagilia nimekuhamisha karibu kama kulivyo: alfajiri, maji mengi kwa mara chache, kwa sababu majani yanayolala na unyevu hukaribisha ukungu. Makopo matupu yaliyopangwa kwenye nyasi hunionyesha kama maji yanafika sawasawa kila upande, na bisibisi ndefu ikizama bila kusukumwa kwa nguvu najua udongo umelowa hadi kwenye mizizi.

Kazi zinazonipeleka Njombe na Makete zimenifanya nikumbuke agizo jingine la Mufindi, kwamba penye sakitu, yaani umande ulioganda, mtu asikanyage nyasi mpaka jua liiyeyushe. Jani lililoganda huvunjika ndani kwa ndani, na nyayo huonekana nyeusi kwa siku nyingi. Ninamweleza hivyo mlinzi na mwenye nyumba, kwani mlinzi ndiye anayekatiza bustani asubuhi na mapema.

Siku hizi makadirio yangu yana bei mbili zilizotenganishwa, ya kutengeneza na ya matunzo ya mwaka mzima, pamoja na daftari linamoandikwa kila mkato, kila mbolea na kila ugonjwa ulioonekana. Mteja asiyeweza kulipia matunzo, kabla sijamkabidhi bustani namkalisha mtunza bustani wake na tupa mkononi hadi aweze kunoa kisu mwenyewe, kisha tunapanga pamoja magurudumu ya mashine ili ikate kwa urefu wa sentimita 4.