Kazi ya kripto unayoweza kuhama nayo

Uko kwenye kampuni ya kripto na unawaza soko likianguka utakwenda wapi? Omba upangiwe kulinganisha hesabu: salio la daftari la kampuni dhidi ya salio lililoko kwenye blokcheni (rejista ya mtandao inayoandika miamala yote), kila siku, saa ileile. Benki na kampuni za malipo zinaitaka kazi hiyohiyo.

Balaa kubwa ni desimali. Bitcoin ina tarakimu 8 baada ya nukta, ether (sarafu ya mtandao wa Ethereum) ina 18, USDT (sarafu inayofuata thamani ya dola) kwenye Ethereum ina 6. Excel hushika tarakimu 15 tu; kuanzia ya 16 inaweka sifuri, kimyakimya, bila kukuonya. Ingiza kiasi kama maandishi, kisha kokotoa kwenye Python (lugha ya programu) kwa namba nzima za kipande kidogo kabisa cha sarafu, kwa ether ni wei. Halafu kuna ada: muamala wa Ethereum ukifeli, ada ya gesi (malipo ya mtandao kwa kuchakata muamala) imeshakatwa, na daftari halina habari. Uhamisho kati ya pochi zenu wenyewe usiuhesabu kama mauzo (hili huwaponza hata wazoefu).

Kwenye CV usiandike "mtaalamu wa Web3", haisemi kitu. Andika ulilinganisha pochi ngapi, miamala mingapi kwa siku, na tofauti zilifungwa ndani ya saa ngapi.