Philadelphia: anzeni na kumbi walizokaa wabunge

Wenzangu kadhaa hapa Dodoma wana watoto wanaosoma au kufanya kazi Marekani, na wakishapata viza huniuliza watembelee wapi. Jibu langu ni lile lile: tengeni siku nzima ya Philadelphia. Mimi nimestaafu kazi ya kuandika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, maisha yangu yamepita kwenye kumbi za Bunge nikisikiliza wengine wakizungumza, kwa hiyo msishangae ushauri wangu ukielemea huko.

Kutoka New York treni huchukua kama saa moja na nusu. Mkishuka kituo cha 30th Street, pandeni treni ya chini ya ardhi hadi 5th Street. Baada ya hapo ni miguu tu. Mitaa imenyooka tangu ilipopimwa enzi za William Penn, mwanzilishi wa mji, 1682. Ya kaskazini–kusini ina namba zinazoanzia Mto Delaware, inayoikata mingi ina majina ya miti: Chestnut, Walnut, Spruce, Pine. Kupotea ni kazi.

Anzeni na Independence Hall, jengo la kihistoria la uhuru wa Marekani. Haina kiingilio, ila sehemu kubwa ya mwaka lazima uwe na tiketi ya saa maalumu. Wekeni nafasi mtandaoni mapema, ada ni ndogo mno, na chagueni asubuhi. Kuna ukaguzi, hivyo mabegi makubwa yaacheni mlikofikia.

Ukumbi wenyewe ni mdogo kuliko mtakavyotarajia. Meza zimefunikwa vitambaa vya kijani, na mbele kipo kiti alichokalia George Washington, mgongoni kimechongwa nusu jua. Humo ndimo Tangazo la Uhuru lilimopitishwa mwaka 1776, na Katiba ikaandikwa mwaka 1787. Vikao vya Katiba vilikuwa vya siri, madirisha yamefungwa wakati wa joto kali. Mjumbe mmoja, James Madison, alichagua kukaa mbele ili asikie kila upande, akaandika siku baada ya siku nani kasema nini. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1840, mwenyewe ameshafariki. Nilizitazama zile meza za mbele hadi mwongozaji akatuita tuondoke. Anayejua uchungu wa kufuatisha mjadala kwa mkono atanielewa.

Mkitoka, msikimbilie Liberty Bell, ile kengele maarufu ya uhuru, kama wafanyavyo wageni wengi. Jengo la pembeni ni Congress Hall. Philadelphia ilikuwa makao makuu ya nchi kuanzia 1790 hadi 1800, wakati jiji la Washington likijengwa, kisha serikali ikafungasha. Sisi tulioshuhudia wizara zikihamia Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, tunapaelewa mahali hapa haraka kuliko wengine. Chini walikaa wawakilishi, juu maseneta, ambao hadi mwaka 1795 walijadiliana milango imefungwa, wananchi wasisikie. Kwenye ukumbi wa chini, mwaka 1797, John Adams aliapishwa kuwa Rais, naye George Washington akaachia madaraka kwa hiari yake. Kwangu hicho ndicho chumba muhimu kuliko vyote mjini humo.

Sasa nendeni kwenye Liberty Bell, ng'ambo ya barabara, haina tiketi. Angalieni ufa, lakini someni pia maandishi yaliyotoka Mambo ya Walawi 25:10, kuhusu kutangaza uhuru nchini kote. Kisha tokeni nje, hatua chache tu, mpaone palipokuwa na nyumba ya Rais Washington. Humo alikuwa na watumwa tisa. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilimpa mtumwa wa mgeni haki ya kudai uhuru akikaa miezi sita, kwa hiyo Washington alikuwa akiwatoa nje ya jimbo kabla muda haujatimia. Ona Judge, binti aliyemhudumia mke wa Rais, alitoka mlangoni mwaka 1796 familia ikiwa mezani, akapanda meli hadi New Hampshire. Hawakuweza kumrudisha tena. Nawaomba sana, msipapite hapo mkitafuta pa kupigia picha.

Chakula kipo Reading Terminal Market, mtaa wa 12, soko la tangu 1893. Julai joto lake lina unyevu, si hili letu kavu, bebeni maji.

Mkibaki na nguvu, shukeni mtaa wa 6 hadi kanisa la Mother Bethel. Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa akajinunulia uhuru, alilianzisha mwaka 1794, na kaburi lake liko humo humo chini. Pigeni simu kwanza muulize kama makumbusho yake yako wazi siku hiyo.