Sado yangu na Luka 6:38

Nauza nafaka Mbuyuni, Moshi: maharage, choroko, mchele. Kwa miezi 14 niliwapimia watu kwa sado, kopo letu la kupimia nafaka, iliyobonyezwa kitako kwenda ndani. Niliinunua ikiwa hivyo, na nilijua kwa nini imebonyezwa. Kila nafsi iliponisuta nilijiambia kwamba soko zima linapima hivyo.

Usharikani kwetu Luka 6:38 husomwa wakati wa sadaka, nami miaka yote niliusikia kama mstari wa bahasha. Jumapili moja ya Kwaresima mzee wa kanisa akausoma polepole: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Nikashtuka. Haya si ni maneno ya sokoni? Kujaza, kushindilia, kusukasuka ndiyo kazi ya mikono yangu kuanzia alfajiri. Tena mstari unamalizia kwamba kipimo unachopimia ndicho utakachopimiwa. Mahubiri yaliyofuata siku hiyo siyakumbuki hata neno.

Jioni niliazima sado nzima kwa jirani, nikaijaza maji, nikayamimina kwenye ile yangu. Ilipojaa, maji yaliyobaki yalienea chupa ya nusu lita. Sado ni lita 4, kwa hiyo kila aliyelipia sado 8 aliondoka na 7. Nikaiweka ile chupa mezani, nikakaa nayo mpaka watoto wakalala.

Kuachana na ile sado haikuwa kazi. Mume wangu aliipiga nyundo usiku ule ule. Kuomba toba nako niliweza, tena kwa machozi. Kilichonishinda ni hesabu. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na mimi nikifanya hivyo mtaji wote unakwisha. Nikamwendea mchungaji. Hakunihubiria, alifungua Walawi 6, penye agizo kwamba aliyedhulumu arudishe alichochukua chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Kisha Hesabu 5: asipokuwepo wa kurudishiwa, malipo yanakuwa ya BWANA. Nilipumua. Nilikuwa nimesoma Biblia tangu kipaimara bila kuona kwamba imemwekea mtu kama mimi mahali pa kuanzia.

Wapita njia nisiowajua niliwatolea magunia 2 ya maharage, nikayapeleka diakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji. Waliokuwa kwenye daftari la mikopo, watu 9, nilimfuata mmoja mmoja. Hapo ndipo magoti yaligonga kweli. Wengi walisema, "Yameisha hayo, dada." Mmoja alihamia meza nyingine na hajarudi mpaka leo, ana haki.

Wa mwisho alikuwa mama lishe wa karibu na stendi. Nilimwacha mwisho kwa sababu ndiye niliyempunja kuliko wote: sado 2 kila wiki kwa wiki 60, jumla 120. Deni lake sado 15, na sehemu ya tano 3, zikawa 18. Nikamwambia nitamletea sado moja kila Jumatatu bila malipo mpaka zitimie.

Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Vidole vikasimama.

"Kumbe ndiyo maana sufuria yangu ilikuwa haifiki saa nane?"

Akaweka ungo chini. Alikuwa na binti wa kumsaidia, na kila maharage yalipokwisha mapema alidhani binti anayauza pembeni. Alimwita mwizi mbele ya wateja, akamrudisha kwao Same.

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Maharage yanapimika, unaongeza sehemu ya tano, unalipa. Jina la mtoto wa watu unalipimia sado gani? Nilikuwa nimekuja na karatasi yangu ya hesabu, nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Tukampigia binti simu pale pale. Mama lishe alianza, akashindwa kumaliza, akanipa simu. Nikamweleza kila kitu: sado, kitako, chupa ya maji. Nikamwomba msamaha. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nimekusikia, mama," akasema. "Lakini kamwambie mama yangu. Yeye ndiye aliyepelekewa habari kwamba nimeiba."

Jumamosi yake tulipanda basi la Same, mimi na mama lishe. Tulikaribishwa, tukapewa viti chini ya mwarobaini, tukaletewa maji ya kunywa. Nilipofungua mdomo tu, mama wa yule binti akaninyooshea kiganja.

"Ngoja kwanza," akasema. "Niwaite na majirani. Nao walisikia."

Walikuja 6. Nikasimama, nikaanza na ile sado.