Historia ya Mangi Meli, Old Moshi

Jumamosi tulipanda na watoto kutoka Moshi mjini hadi Tsudunyi, Old Moshi, ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli mtini tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Binti yangu, ambaye darasani jina hilo lilikuwa la kukariri tu, alimkatiza mwenyeji wetu kila mara: huyu Meli ni mtoto wa nani, na kwa nini Wajerumani walimwogopa?

Mzee alimjibu kwa subira kwamba Meli alirithi kiti cha baba yake, Mangi Rindi, mwaka 1891, kwamba mwaka uliofuata wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, von Bülow, na kwamba mwaka 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi. Kichwa cha Meli kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Hapo hata kijana wangu, ambaye kwa kawaida haachi simu, aliuliza kwa hasira kwa nini hakijarudishwa. Tuliendelea kulijadili hilo garini hadi Kiborloni.